Makofi ya Kilo kwa Mzazi Mbia

Ilikuwepo nchi, na ipo hadi leo kwa anayetaka kwenda kuhakikisha, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa sababu lilikuwa limepelekwa kufanyiwa marekebisho na halijarudi. Nchi hiyo ilikuwa na amani nyingi sana. Ilikuwa nyingi hata ikabidi iwekewe walinzi wenye bunduki, isije ikaibiwa.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na desturi moja nzuri: hawakukataliana. Mtu akisema jambo mbele ya wakubwa, alipigiwa makofi. Jambo dogo lilipigiwa ya nusu kilo, pa-pa, basi. Jambo zito lilipigiwa ya kilo, wote kwa pamoja, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa, na ile pa ya mwisho ndiyo iliyotimiza uzito. Waziri alipigiwa gunia. Makofi yakishapigwa jambo lilikuwa limekwisha, na aliyelisema alikaa chini akiwa ameheshimiwa. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho mtu kuambiwa "hapana".

Kondo, fundi wa majiko ya mkaa, alishawahi kuheshimiwa. Mkewe Zawena alipofariki kwa uzazi, yeye alikuwa amesimama nje ya geti na uji kwenye chupa, maana waume hawakuruhusiwa ndani. Baadaye muuguzi mmoja alimwambia kwamba walipomtoa kitandani iliwabidi wambandue vidole, kwa jinsi alivyokuwa amekishika chuma cha kitanda. Wakubwa wakamwita mkutanoni awape maoni. Kondo akasimama akauliza: kwa nini mke wangu alishika chuma, na mimi mikono yangu nilikuwa nayo hapo nje? Wakampigia kilo nzima. Akakaa chini. Tangu siku hiyo kifua chake kikawa kama bati analofulia majiko: ukikigonga kinalia, lakini hakiumi.

Akabaki na mtoto mmoja, Chausiku, mwenye pengo mbele na maswali mengi. Basi na huyu naye akaota uvimbe tumboni.

*

Hospitali ya Watoto ya Taifa ilikuwa jengo zuri lenye geti zuri kuliko jengo. Mlango wa wodi ulilindwa na Afande Mbwiga, mtu mpole, mwenye tumbo lililokuwa likifika kazini kabla yake.

"Mama wa mtoto yuko wapi?" aliuliza.

"Hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Amefariki, afande."

"Pole sana. Basi akija, aje na ndoo na kanga mbili. Anayelala na mtoto wodini ni mama."

"Afande, nimekwambia amefariki."

"Nimekusikia, mzee wangu. Na mimi sijasema aje leo."

Kondo alitazama utaratibu uliobandikwa ukutani. Hakuwa msomaji mzuri, lakini picha aliiona: mama, mtoto, kitanda. Baba alichorwa upande wa pili wa mlango, ameshika saa.

"Baba anaingia saa ya kuona wagonjwa," Mbwiga alieleza kwa upole. "Alasiri, kidogo tu. Serikali haijakutupa."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na beseni la nguo alisimama. Mwanawe alikuwa amelazwa humo tangu masika, na humo wodini aliitwa Mama Tumsifu.

"Nipe mimi huyo mtoto, kaka," alisema. "Kitanda chetu kina nafasi ya ubavu mmoja. Wewe mtoto, unakojoa kitandani?"

"Nilikuwa nakojoa zamani," alisema Chausiku. "Nilipokuwa mdogo."

"Hewallah. Twende."

Chausiku hakutaka kumwachia baba yake kidole. Kondo akachuchumaa.

"Sikiliza, mama. Siku watakapokutia usingizi wakupasue, mimi nitakuwa nimekushika mkono. Ukifumba macho unaniona, umesikia? Hutashika chuma."

"Chuma gani?"

"Chuma chochote."

"Haya," alisema Chausiku, akamwachia.

Kondo hakulia. Alisimama tu pale mlangoni mpaka Mbwiga akamwomba asogee, kwani alikuwa anaziba utaratibu.

*

Ikawa wakati huohuo Waziri wa Afya, Furaha na Viwanja vya Michezo amerudi safari. Huko alikokwenda alikuta hospitali ambamo wazazi na wauguzi hukaa meza moja wakapanga jinsi ya kumtunza mtoto. Jambo hilo lilimtoa machozi, na akaagiza wapiga picha wayapige. Akatangaza kwamba kuanzia sasa familia itawekwa katikati ya huduma.

Wakubwa wa hospitali waliitii kauli hiyo kama ilivyotoka. Waliita wapima ardhi. Wapima ardhi walivuta kamba toka kona hii hadi kona ile ya jengo, wakapata katikati yake barabara, wakapigilia msumari. Katikati ikaangukia stoo ya mashuka. Mashuka yakatolewa nje, yakanyeshewa, na ndani ikawekwa meza ya Kamati ya Ubia wa Wazazi na Watumishi. Mwenyekiti wake alikuwa Dokta Anakleti Ruhindo, Mkurugenzi Mkuu wa Upendo, ambaye udokta wake ulikuwa wa mambo ya uvuvi. Kamati ilikuwa na wajumbe wengi, kila mmoja na dereva wake. Ilichopungukiwa ni mzazi.

Dokta Anakleti alitoka mwenyewe kwenda kutafuta. Alasiri hiyo Kondo ndiye aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni ya saa ya kuona wagonjwa, na machungwa kwenye mfuko.

"Wewe ni mzazi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Wa kawaida?"

Kondo akajitazama. "Wa kawaida kabisa."

"Safi. Umesoma?"

"Darasa la nne, mheshimiwa, na lenyewe nililiacha njiani."

"Safi sana! Waliosoma wana maswali." Akamshika bega. "Ndugu yangu, kuanzia sasa wewe si baba tena. Wewe ni Mzazi Mbia."

Wajumbe waliomfuata nyuma wakapiga nusu kilo palepale kwenye korido.

Kondo alifikiri haraka, na kwa mara ya kwanza tangu Zawena afariki alihisi kitu kikisogea kifuani. Aliona hivi: aliyenizuia mlangoni ni utaratibu. Utaratibu unatungwa mezani. Nikiwa mezani, nitautungua. Akayaacha machungwa kwa Mbwiga ampelekee mtoto, akaingia stoo.

*

Kikao cha kwanza kilijadili rangi ya mapazia. Mzazi Mbia aliulizwa anapenda ipi. Akasema:

"Waheshimiwa, mimi rangi yoyote. Ombi langu ni moja tu. Mtoto asiye na mama, baba yake aruhusiwe kukaa naye. Hasa siku ya upasuaji. Amshike mkono mpaka alale."

Mjumbe mmoja mwanamke, aliyevaa miwani ya bei, alitoa leso.

"Hii," alisema Dokta Anakleti, sauti ikitetemeka, "hii ndiyo sauti tuliyokuwa tunaitafuta. Imetoka chini. Ina vumbi. Ndugu wajumbe, nawaomba, kilo!"

Pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa.

Kondo alikaa chini. Alingoja waseme lini. Wakarudi kwenye mapazia.

Kikao kilipokwisha alikimbilia wodini. Mbwiga alikuwa anafunga mlango.

"Saa imekwisha, mzee wangu."

"Nilikuwa kwenye kikao, afande. Kikao cha kuhusu sisi kuingia."

"Hongera. Kesho uwahi."

Kesho yake kukawa na kikao tena, saa ileile. Kondo akauliza kwa nini vikao viwe saa ya kuona wagonjwa. Akajibiwa kwamba utafiti umeonyesha hiyo ndiyo saa ambayo wazazi hupatikana hospitalini kwa wingi. Akasema basi mzazi atamwona mtoto wake saa ngapi? Jambo hilo nalo lilikuwa zito. Likapata kilo.

Ikawa ndiyo hivyo. Kila alasiri Kondo aliketi kwenye msumari wa katikati ya hospitali akiheshimiwa, na mtoto wake akiwa nyuma ya ukuta wa tatu. Akikataa kuja, alielezwa, kiti chake kitachukuliwa na mzazi mwingine mwenye ombi jingine, na ombi lake yeye lipo karibu sana kuiva. Alilirudia ombi lile kwa maneno mengine, kwa upole, kwa ukali, siku moja akalisema amepiga magoti. Siku ya magoti walimpigia kilo na robo.

Habari za Chausiku alizipata uani, kwenye kamba za kuanikia, ambako Mama Tumsifu alikuwa akifua nguo za mwanawe pamoja na za Chausiku.

"Anakula?"

"Anakula maswali, kaka. Chakula anaonja. Jana kaniuliza kama baba yake kawa daktari, maana haonekani kama wao."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia yuko mkutanoni. Akasema, mkutano ni ugonjwa gani?" Akakamua gauni dogo la kijani. "Halafu siku hizi kuna watu wa kamati yenu wanakuja wodini kuwafundisha watoto makofi, kwa ajili ya ugeni. Watoto wana dripu mikononi, wanafundishwa kilo. Wangu mimi nimemwambia ajifanye amelala."

"Na wangu?"

"Wako anaijua vizuri kuliko wao. Anasema baba akija atamwonyesha."

Kondo alitikisa kichwa. Alitaka kusema kitu, lakini alishazoea kwamba akisema hupigiwa makofi, na mwanamke huyu mikono yake ilikuwa na sabuni.

*

Siku ya upasuaji ilipangwa. Siku hiyohiyo Waziri akapanga kuja kuzindua Ubia, ingawa Ubia ulikuwa umeanza kitambo. Nchini humo kitu kisichozinduliwa kilihesabiwa kuwa hakijazaliwa hata kama kinatembea.

Siku ilipofika, Dokta Anakleti alimwita Kondo pembeni.

"Ndugu Mbia, ombi lako limeiva. Mheshimiwa anasaini leo. Kuanzia leo baba ataingia wodini."

Kondo alimwangalia mdomo, kuona kama maneno yametoka humo kweli.

"Mwanangu anapasuliwa leo asubuhi, Dokta."

"Najua! Ndiyo uzuri wenyewe. Tunapiga picha kwanza: Mzazi Mbia amekaa pembeni ya kitanda, mtoto ndani, Waziri nyuma anatabasamu. Anasaini. Wewe unakimbia kwa mwanao na utaratibu mpya mkononi. Picha ni kufumba na kufumbua."

"Basi twende kwake mkapigie kule."

Dokta Anakleti akacheka kidogo, kwa huruma. "Yule anaumwa, ndugu yangu. Picha ya matumaini inahitaji mtoto mwenye matumaini. Na wodini kunanuka."

Ukumbini kulikuwa na kitanda kipya kilichotandikwa shuka lenye mikunjo ya dukani. Viti vyote vya wodini vilikuwa vimeletwa ili wageni wakalie. Ndani ya kitanda alikuwemo binti wa dada yake Katibu wa Kamati, Glori, mashavu kama maandazi, anakula biskuti. Kondo alivalishwa shati jeupe la hospitali. Mpiga picha aliitazama mikono yake, iliyochanjwachanjwa na mabati, akamwomba aiingize chini ya shuka.

"Mjomba, mikono yako inanuka moshi," Glori alisema.

"Ni kazi yangu, mama."

"Unanishika mkono wa nini? Mimi siumwi."

"Najua."

Wakangoja. Waziri alikuwa njiani. Halafu akawa bado yuko njiani. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama siku nyingi, kwa hiyo hakuna aliyechelewa. Jua lilitoka dirisha la kwanza likahamia la pili. Biskuti ziliisha, zikaletwa nyingine. Kondo alisikia magurudumu yakipita nje kwenye korido, yale magurudumu ya kitanda cha kusukumwa, mojawapo likilia kama panya. Akainuka.

"Ndugu Mbia! Kaa!"

"Hicho ni kitanda cha mwanangu."

"Utajuaje? Vitanda vyote vinalia hivyo."

"Mimi fundi wa vyuma," alisema Kondo, akapiga hatua.

Na papo hapo milango ikafunguka, Waziri akaingia na watu wake wote, na ukumbi mzima ukasimama kupiga gunia. Gunia ni makofi marefu sana. Wakati wa gunia hakuna anayeruhusiwa kutembea. Vijana wawili wa usalama walimrudisha Kondo kitini kwa adabu, wakairudisha mikono yake chini ya shuka, na mmoja akamwambia sikioni, "Tabasamu, baba. Ni kwa ajili ya watoto."

Taa ya kamera ikawaka. Picha ilitoka vizuri. Kondo alikuwa akitazama mlangoni, lakini kwa upande ule ilionekana kama anatazama mbele, kwenye kesho ya taifa.

Waziri akahutubia. Alisema katika nchi nyingine mtoto anapolala kwa dawa ya usingizi hushika chuma, lakini hapa kwetu hushika mkono wa mzazi wake. Alilisema vizuri hata Kondo mwenyewe karibu aamini. Baadaye akasaini.

*

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, Mama Tumsifu alikuwa ameketi sakafuni.

"Ameshaingia?"

"Ameshaingia, kaka. Kitambo." Hakumtazama. "Nimemshika mkono mpaka pale kwenye mstari mwekundu. Zaidi ya hapo wakaniambia mimi si mama yake. Nikawaambia baba yake huyo hapo ukumbini. Wakasema ukumbini hakusumbuliwi."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza, baba anafumba macho saa hii na yeye? Nikasema ndiyo."

Kondo aliketi. Alingoja kifua chake kiume. Hakikuuma. Alikisikia kikilia tu, mbali, kama karakana ya mtu mwingine.

Alasiri akatoka daktari aliyempasua, macho mekundu, akasema uvimbe umetoka wote na mtoto ataishi. Katika hospitali nzima huyu peke yake hakutaka makofi. Alitaka kujua kama kuna mahali pa kukaa. Hapakuwa na mahali. Akaenda.

*

Kesho yake Kamati ya Ubia ilivunjwa kwa pongezi, maana kazi yake ilikuwa imekamilika. Picha kubwa ilitundikwa ndani ya wodi, juu ya mlango, ili kila mgonjwa aione. Kondo alifika mapema, na Mbwiga akamzuia kwa mkono mmoja.

"Saa ya kuona wagonjwa bado, mzee wangu."

"Afande, utaratibu mpya umesainiwa jana. Baba anaingia."

"Anayeingia ni Mzazi Mbia. Imeandikwa."

"Si ndiye mimi? Chungulia. Yule pale kwenye picha ni mimi!"

Mbwiga alichungulia, akamtazama Kondo, akachungulia tena kwa makini, kama mtu anayejali kazi yake.

"Yule ana shati jeupe," alisema. "Wewe lako liko wapi?"

"Walinivua picha ilipokwisha."

"Sasa mimi nitafanyaje, kaka yangu? Mimi nalinda mlango tu."

Kondo akangoja mpaka alasiri.

Alipoingia, Chausiku alikuwa amelala chali kwenye kitanda alichopewa baada ya upasuaji, bomba la dripu limebandikwa nyuma ya mkono, midomo imekauka. Alikuwa macho. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama juu ya mlango.

"Mama," alisema Kondo. "Nimekuja."

"Baba, yule mtoto ni nani?"

Kondo hakugeuka. "Anaitwa Glori."

"Amepona?"

"Hakuwa anaumwa."

Chausiku aliliwaza hilo. Mama Tumsifu, kwenye kitanda kinachofuata, aligeukia ukutani akajifanya anakunja nguo.

"Sasa mbona umekaa naye yeye?"

Kondo alimweleza. Alimweleza yote kama yalivyokuwa, bila kujipamba: stoo ya mashuka, mapazia, na lile ombi moja alilokuwa akilirudia kila siku. Alimweleza jinsi walivyomwambia kwamba picha ni kufumba na kufumbua, halafu ataruhusiwa kumshika mkono. Alisema alilisikia gurudumu likilia. Alisema aliinuka. Maneno yalitoka makavu, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa kweli.

Chausiku alisikiliza mpaka mwisho, ametulia kama mtu mzima. Baba yake alipomaliza, aliinua ule mkono wenye bomba, polepole, lisije likachomoka, akauinua na wa pili, kama walivyomfundisha.

Pa-pa-pa. Pa-pa-pa.

Akapumzika. Kondo akangoja.

Pa.

Ilikuwa ndogo, lakini ilitimia. Kondo akakaa chini, sakafuni, maana viti vyote vilikuwa bado ukumbini, akashika chuma cha kitanda.